Kuitoa Upya Santuri ya Baba

Jumatatu, 3 Mei 2004

Leo maisha yangu yameanza. Yalichelewa kidogo tu. Nina miaka hamsini.

Sanduku la marehemu baba limefika kutoka Mombasa, limeletwa na jamaa mmoja wa Kibokoni aliyekuja hapa Dubai, Deira, kununua vitambaa. Kanzu mbili. Miwani. Tasbihi. Redio mbovu. Na chini kabisa, imefungwa ndani ya kitambaa cha meza cha hoteli: santuri! Nilidhani dada yangu ameshaitupa.

Niieleze vizuri, maana siku moja watu watalisoma daftari hili. Mwaka 1967 bendi ya vijana wa Kiingereza iitwayo The Paper Admirals ilikaa wiki tatu kwenye hoteli ya pwani alikokuwa akifanya kazi baba. Nywele hadi mabegani. Wakarekodi nyimbo kumi ndani ya ukumbi wa kulia chakula, wakarudi kwao, wakatoa santuri moja tu, jina lake "Kilindini". Kisha wakagombana, bendi ikafa. Nakala zilikuwa chache, na ghala lenye kanda za asili likaungua. Haya ya mwisho nimeambiwa na Sammy, mlinzi wa getini kwetu, mtu wa Kericho, ambaye ana kompyuta na kwa hiyo anajiona. Ameingia mtandaoni, anasema kuna watu Uingereza wanaitafuta santuri hii kama dawa.

Meneja alimpa baba siku aliyostaafu, badala ya saa ya mkononi. Nyumbani hatukuwa na gramafoni. Kwa hiyo tulikuwa tukiitazama.

Jalada lina picha. Vijana wanne barazani, na pembeni mkono wa mtu umeshika sinia ya chai. Mkono ule ni wa baba. Mwili wamemkata. Nyuma ya jalada wametaja watu wote, hata mbwa wa meneja. Baba hawakumtaja. Amefariki Januari. Sikumzika, kwa sababu pasipoti yangu ilikuwa kwa kafeel, mdhamini wangu wa kazi, na kafeel alikuwa safarini. Nilimsomea hitima peke yangu chumbani, wenzangu watatu wakiwa zamu. Hiyo ndiyo habari yenyewe, sitaki kuirudia.

Sasa mpango. Mimi ni mtunza ghala. Kiwanda gani? Kiwanda cha kunakili CD, hapa hapa Dubai Investments Park! Mungu akupe nini tena? Nitaitoa upya. Jalada jipya, mkono wa baba katikati, mkubwa. Juu yake: MZEE ABOUD.

Sammy akasema kwanza nimpe aiingize kwenye kompyuta yake, ili yenyewe ikiharibika pawe na nyingine. Akaongeza kwamba angependa jina lake liwe nyuma ya jalada, hata kwa herufi ndogo. Nikamwambia ahsante, nitafikiri.

Nimefikiri. Hapana.

Jumatano, 5 Mei

Nimemwona arbab, mwenye kiwanda. Nilivaa tai. Hotuba yangu ya Kiarabu niliifanyia mazoezi siku mbili mbele ya maboksi. Kabla sijafungua mdomo akasema khalas, basi, hakuna likizo mpaka Septemba. Nikamwambia si likizo. Akashangaa.

Nikampa jalada. Akalitazama muda mrefu, matumaini yakanipanda. Akauliza mwenye sinia ni nani. Nikasema baba yangu. Akasema Mungu amrehemu. Nilikaribia kulia, kwa sababu hapa Dubai ni mtu wa kwanza kuniambia neno hilo. Kisha akasema bila barua ya wenye nyimbo hatanakili hata dakika moja, asije akafungiwa kiwanda. Akanirudishia jalada. Akaniaga kwa jina la Tawfiq. Mimi ni Thuwein. Nimemfanyia kazi miaka kumi na mitatu.

Jioni nimekwenda saiba ya Satwa, duka la intaneti. Nimeiandikia barua pepe kampuni moja ndogo ya Uingereza inayotoa upya santuri zilizosahauliwa. Anwani kaipata Sammy. Kanipa bila kuombwa, kujionyesha tu. Nimesaini "Mkurugenzi Mkuu". Dada wa Kifilipino anayeiendesha saiba alitaka kunisahihishia Kiingereza mahali patano. Nikamruhusu pawili.

Ijumaa, 7 Mei

Baada ya sala nimekwenda Al Twar kwa Bi Kijakazi. Ni Mzanzibari, miaka sabini na ushei, anakaa na binti yake Muna anayefundisha chekechea. Tunajuana tangu Mombasa. Marehemu mumewe, Soud, alikuwa mpiga fidla, na katika wimbo wa mwisho wa upande wa pili wale Waingereza walimwita awapigie. Alikwenda alasiri moja, akapiga, akarudi kwake. Akafariki mwaka 1971. Hakuna kanda, hakuna redio, hakuna popote fidla yake ilipobaki ila ndani ya santuri yangu. Na Bi Kijakazi hajapata kuusikia wimbo ule hata siku moja.

Nilikwenda kikazi. Nilitaka idhini ya familia na jina kamili la marehemu. Bi Kijakazi akalishika jalada, akalisogeza machoni, akalinusa, akaomba kitu kimoja tu. Kusikia.

Akanieleza mambo yake. Sikio la kulia limeziba mwaka juzi. La kushoto linafuata. Daktari anasema huenda lifike Ramadhani, huenda lisifike. "Nisikie kabla halijaziba, mwanangu. Mie sitaki jingine."

Nikamwambia avute subira, patakuwa na uzinduzi. Viti, juisi, sambusa, watu wa ubalozi. Yeye atakaa mstari wa mbele. Muna akaniuliza huo uzinduzi ni lini. Nikasema karibuni, inshallah. Akanitazama kama nimekanyaga zulia lake na viatu.

Nikawaeleza na suala la majina. Baba atakuwa juu, Soud chini yake. Ni haki. Baba alikuwepo wiki tatu nzima, Soud alasiri moja tu. Bi Kijakazi akasema niweke jina ninalolitaka, hata la paka, mradi asikie. Naona kazi hii haitilii maanani.

Ndani ya basi roho iliniuma. Yule bibi alinirudishia jalada, na hakuniomba mara ya pili. Nikajikaza. Kitu kikubwa hakitolewi vipande vipande.

Jumapili, 9 Mei

Sammy amepata gramafoni! Binamu yake Roselyne anafanya kazi kwenye jumba moja, na madam wake alikuwa anaitupa. Sammy kaipakata kwenye teksi njia nzima. Mtu mzima wa miaka arobaini!

Saa ya chakula tukajifungia kwenye kibanda cha getini. Tukaiweka. Sindano ikashuka, ikakwaruza, gitaa likaingia. Nilikuwa sijapata kuisikia. Miaka yote naitazama tu. Nyimbo za wale vijana, nikiri, ni kelele nyingi, na mmoja wao alikuwa akiimba kama kabanwa na mlango. Lakini tulipofika upande wa pili, wimbo wa mwisho, gitaa linanyamaza. Mtu anasafisha koo. Ehm! Halafu fidla.

Sijui niandike nini. Sammy hajui hata neno moja la tarabu, lakini alivua kofia. Fidla ile ilikuwa inamwita mtu ambaye haji. Nyuma yake, mbali, kikombe kinagonga sahani. Baba! Nikapiga kelele kwamba yule ni baba na sinia yake. Sammy akasema hicho kikombe kinaweza kuwa cha mtu yeyote. Nikamwambia mtu wa Kericho anajua majani ya chai, vikombe atuachie sisi. Nikalia mbele yake. Sijalia mbele ya mtu tangu Januari, na Januari sikulia, nilikuwa napokea makontena.

Sammy naye akajifuta macho kwa kofia. Kisha akaharibu. Gramafoni hii hapa, akasema, kompyuta hii hapa, waya huu hapa. "Mzee, acha nichomeke tu. Dakika arobaini tuko sawa. Hata kama hutaki jina langu, basi angalau weka 'S'."

Nikafikiri. Nikaona miaka hamsini ijayo mtu kavaa miwani yake, anasoma nyuma ya jalada: Sammy. Watu watauliza Sammy ni nani. Watadhani ndiye aliyeigundua. Nikamwambia waya hunyonya sauti, santuri itabaki kapi. Akanitazama. Akasema sawa mzee. Halafu akaniazima gramafoni hivyo hivyo, bila sharti. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Najua mtu atauliza: kwa nini usimpelekee Bi Kijakazi leo leo asikie? Nimeshalipima. Akisikia leo atalia leo, kwa Muna, pasipo mtu wa kuona. Uzinduzi utabaki mkavu.

Jumanne, 11 Mei

Wamejibu! Bwana Gerald, mwenye kampuni, anakwenda Australia kutazama wajukuu, atashuka Dubai Alhamisi kati ya ndege na ndege. Ana saa nne tu mjini. Nimemwelekeza Al Twar kwa Bi Kijakazi, ni karibu na uwanja wa ndege, na chumba changu cha vitanda vinne hakifai kupokea wageni. Anasema ameitafuta "Kilindini" miaka kumi na mmoja. Ana barua ya wenye nyimbo mfukoni. Ataichukua mwenyewe kwa mkono hadi kwao, ataisafisha kwa mitambo, ataitoa upya, na akipenda arbab, CD zitanakiliwa hapa. Na jina la baba litaandikwa. Ameahidi! Ameuliza hata herufi zake.

Mwisho ameniomba kitu kimoja. Nisiifanye chochote. Niisimamishe wima mahali pa baridi, basi.

Nilisoma mara tatu. Nisiifanye chochote! Mtu ametoka Uingereza, anakuja nyumbani kwa watu, kitu alichokitafuta miaka kumi na mmoja apewe kama kilivyotoka sandukuni, kinanuka nondo na mavazi ya maiti? Kwao labda. Sisi watu wa pwani tunajua kupokea mgeni.

Nimempigia Bi Kijakazi. Nimemwambia Alhamisi saa kumi na moja atasikia. Akaniuliza avae nini.

Alhamisi, 13 Mei

Niandike upesi kabla moyo haujakataa.

Nilifika Al Twar saa nane, santuri kwapani, gramafoni mkononi. Kazini nilisema naumwa tumbo. Muna alikuwa bado hajarudi kutoka shuleni. Bi Kijakazi alikuwa amevaa buibui jipya, hina mbichi kwenye vidole. Akaniambia anajilaza kidogo, asije akasinzia mbele ya mgeni. Nikamwomba chetezo na udi, niifukize nyumba. Akafurahi. Akanionyesha na tenga lake la miti la kufukizia nguo, amelibeba tangu Unguja.

Nikafukiza sebule. Nikafukiza mapazia. Kisha nikatazama santuri. Bibi harusi hufukizwa. Kanzu ya Ijumaa hufukizwa. Hata shuka la mgeni hufukizwa. Huyu kwa nini atoke mtupu?

Makaa matano kwenye chetezo. Udi wa kweli, si chenga. Nikalifunika tenga juu yake, nikailaza santuri juu ya tenga, jalada ubavuni, na juu ya vyote kanga mbili, moshi usipotee. Nikaenda msikitini kusali alasiri. Baada ya sala nilisimama mlangoni nikiwaeleza wazee wawili wa Kiomani habari za mkono wa baba. Wakapendezwa. Nikawaeleza tena.

Nilivyorudi nyumba ilinukia kama peponi. Nikafunua kanga.

Imelala. Kingo zake zote zimemwagika nje ya tenga kama chapati iliyozidi kikaango. Nikaigusa. Laini! Nikaipuliza. Nikaitia kwenye friji, juu ya maziwa. Ikatoka ngumu, na umbo lile lile.

Bwana Gerald akafika saa kumi na moja juu ya alama. Mrefu, shati la maua, soksi nyeupe. Akavua viatu bila kuambiwa. Akaipokea kwa viganja viwili, akaitazama. Akaomba maji. Akakaa. Laiti angenitukana! Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akasema tu, polepole, kwamba yeye hajui nyingine iliyobaki duniani. Muna akatafsiri, ingawa niliielewa, na Bi Kijakazi akageuza sikio lake la kushoto atafsiriwe tena.

Wakajaribu. Sindano ikapanda na kushuka, ikaruka, ikakwaruza hadi mwisho. Wimbo baada ya wimbo, hakuna kitu. Ila karibu na katikati, mwanzo wa ule wa mwisho, pamenusurika pembamba. Ehm. Mvuto mmoja wa fidla. Halafu sindano inaruka.

Bi Kijakazi alikuwa ameshaweka sikio kwenye spika. "Ndiye," akasema. "Soud huyo. Kila mara akisafisha koo vile, na mie kila mara nikimkemea."

Akaomba tena. Bwana Gerald akairudisha sindano. Tena. Akairudisha. Mzee yule alipiga magoti sakafuni, ndege yake inamsubiri, akawa anainyanyua sindano na kuishusha, ananyanyua na kushusha, kwa ajili ya mvuto mmoja wa fidla. Nilihesabu ishirini. Kisha nikaenda jikoni nikajiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo. Niliona haya. Sijawahi kuona haya namna ile. Nilisikia Muna naye analia chumbani, mlango kaufunga.

Wakati wa kuondoka Bwana Gerald alinipa mkono. Akasema huko kwao kuna mafundi, atawauliza, ataniandikia. Mpaka hapo isiguswe, iachwe kwa bibi. Ni yake, akasema.

Yake! Santuri ya baba! Lakini nilinyamaza, haukuwa wakati wake.

Jumamosi, 15 Mei

Sikula jana. Leo nimekula kidogo.

Sammy ameshasikia, sijui kwa nani. Nilipopita getini alisimama, akaniambia pole mzee, akaninyooshea kikombe cha chai kutoka kwenye chupa yake. Hakusema nilikuambia. Nilisubiri aseme. Nilikunywa yote nikisubiri. Mtu wa hila sana huyu.

Nimemwota baba adhuhuri, nilipojilaza. Alikuwa amesimama na sinia, anangoja mtu achukue kikombe. Nilitaka kumwambia jina lako lilikuwa lichapwe, nilikuwa nimeshataja herufi zake. Nikaamka. Nimemkosa kwenye mazishi, na sasa nimemkosa na hapa.

Lakini nimetafakari. Mambo haya yana sababu. Makaa niliyotumia ni ya Kisomali, yana moto mkali mno. Angekuwa Muna ananunua makaa ya kawaida, tungekuwa tunazungumza mengine. Na wale Waomani walinichelewesha.

Jumanne, 18 Mei

Nimekwenda Al Twar kuomba radhi. Nilichukua haluwa.

Nilitegemea mlango ufungwe. Bi Kijakazi akanipokea, akanimiminia kahawa, akaniita mwanangu kama kawaida. Akasema hana kinyongo. Miaka thelathini na mitatu hakuwa na kitu, na sasa anacho. Kila siku saa tisa na nusu, kabla ya alasiri, Muna akitoka kazini humwekea. Ehm, na ule mvuto. Mara kumi, mara kumi na tano. Kisha husali. Anasema siku hizi husali vizuri.

Muna akanivuta pembeni. Akasema, "Kaka Thuwein, mama jana kaniambia niongeze sauti, na ilikuwa imeshafika mwisho." Akaniacha niifikirie hiyo.

Mlango ukagongwa. Nani? Sammy! Siku yake ya mapumziko, suruali ya pasi, kompyuta mkobani, waya begani. Muna ndiye aliyemwita. Amekuja kukihifadhi kile kipande, akasema, kabla sindano haijakila. Akikiweka kwenye kompyuta anaweza kukirudia chenyewe kwa chenyewe bila kuigusa santuri tena, na anaweza kukiongeza sauti hata mara tatu, na akanunua na vile vya kuvaa masikioni. Bi Kijakazi akawa anamsikiliza na mkono nyuma ya sikio. Akaniuliza mimi. "Ni amana ya baba yako, mwanangu. Wewe ndiye wa kusema."

Kila mtu akanitazama.

Nilikuwa karibu kusema ndiyo. Naliandika hapa kwa sababu ni kweli. Neno lilikuwa ulimini. Halafu nikamwona Sammy anafungua mkoba, taratibu, kama daktari, na Muna anamtengea meza, na kumtandikia kitambaa. Mimi nilitandikiwa nini? Nikafikiri: kipande hiki kikishatoka, kazi itahesabiwa imekwisha, nayo imefanywa na Sammy. "Kilindini", sekunde nne, na Sammy wa Kericho.

Nikasema hapana. Kipande kisitangulie kazi nzima. Nikasema baba asingependa.

Muna alitaka kusema kitu, mama yake akamzuia kwa kidole. Mwenye amana ameshasema. Sammy akakunja waya wake, akaukunja vizuri sana, akamwambia bibi shikamoo. Kwao hawaamkii hivyo, kajifunza wapi?

Alhamisi, 20 Mei

Habari njema! Sijui kwa nini nilikata tamaa wiki nzima.

Bwana Gerald ameandika. Amempata fundi kwao anayenyoosha santuri zilizopinda. Huilaza kati ya vioo viwili, huipasha joto dogo sana na kuibana, kidogo kidogo, kwa miezi mitano au sita. Anadhani nusu ya nyimbo zitarudi, huenda na ule wa mwisho wote. Gharama atalipa yeye mwenyewe. Nimpelekee, imefungwa vizuri, na nisiifanye chochote.

Mambo mawili nimeyaona mara moja. La kwanza: kumbe inanyooka! La pili: miezi sita ni baada ya Ramadhani. Bi Kijakazi hana miezi sita ya sikio. Mtu mwenye huruma hawezi kukaa kimya. Na fundi ni fundi, joto ni joto. Anachofanya yule kwa miezi sita akiwa na vioo, mtu mwenye akili anaweza kukifanya alasiri moja.

Nimekwenda Al Twar asubuhi, Muna akiwa kazini. Nimemweleza Bi Kijakazi kwamba itanyooshwa na atausikia wimbo mzima, mwanzo hadi mwisho, kikombe cha baba na vyote. Ilibidi nimwambie kwa sauti kubwa, mara tatu. Alikuwa ameishika kifuani. Akaniuliza itarudi lini. Nikasema kesho Ijumaa, baada ya sala. Akaniuliza kama haiwezekani aisikilize kwanza leo, saa tisa na nusu, kisha niichukue. Nikamwambia kila saa ina thamani yake. Akalibusu jalada, akanipa. Akaniambia niende nayo polepole.

Sammy aliniona napita getini na kifurushi. Akasimama, akauliza, "Mzee, unaipeleka wapi?" Nikamwambia akae chini, afungue geti.

Dobi wa mabweni yetu amenipa pasi yake kubwa mpaka magharibi. Nimetandika taulo mbili mezani, na juu kitambaa kibichi. Nimeilaza na upande wa pili juu, maana ndio wenye fidla, ndio unaostahili kunyooshwa kwanza. Bi Kijakazi amepiga simu sasa hivi. Ni saa tisa na nusu. Hakusikia nilichomjibu, lakini nilimsikia anamwambia Muna kwamba ni kesho, ni kesho tu.

Pasi nimeiweka kwenye alama ya pamba. Ya hariri naona ni moto mdogo.